Mto ukibadilishwa, wadudu wa bondeni nao hubadilika

Leo naandika kirefu kidogo, maana swali lenyewe nililipata shambani na jibu langu la kwanza lilikuwa kosa.

Msimu wa mlau uliopita bibi mmoja wa kata yangu, huku bonde la Rufiji, alinipigia simu asubuhi mapema. "Bwana shamba, ile mbegu uliyoniambia ninunue haioti." Nikapanda pikipiki. Nilipofika nikamwamkia, akaitikia marahaba lakini uso umekunjwa, akanionyesha mistari yake ya mahindi. Mche mmoja hapa, mwingine hatua sita mbele, katikati udongo mtupu. Mimi kwa haraka zangu nikasema mbegu imekaa vibaya dukani, arudishie na nyingine. Bibi akauza kuku, akanunua kilo nne, akarudishia. Siku nne baadaye, hali ile ile.

Safari ya pili ndiyo nikapiga magoti na kufukua. Kila shimo la mbegu lilikuwa limechimbwa vizuri kabisa, ganda la punje limebaki pembeni. Panya. Nikaendelea kufukua kwa jembe dogo, na ndani ya sentimita tano hivi nikaanza kutoa pupa za kahawia, ndefu kidogo kuliko punje ya mahindi. Kiwavijeshi vamizi huyo, anasubiri kutoka akiwa nondo aje kutaga kwenye ile michache iliyoota.

Bibi akatazama mkononi mwangu, akasema, "Hivi vyote zamani maji yalikuwa yanafagia." Shamba lake liko sehemu ya juu kidogo ya bonde, na misimu miwili mfululizo maji hayakulifunika. Sentensi yake ile moja ndiyo makala yangu ya leo.

Maji ya mafuriko hufanya kazi gani shambani

Sisi watu wa ugani tumezoea kueleza mafuriko kwa mambo mawili: yanaleta unyevu na yanaleta udongo wenye rutuba. Ni kweli. Lakini lipo la tatu ambalo hata chuoni halikupewa nafasi kubwa: mafuriko hupanga upya nani anaishi shambani.

Chukua panya shamba. Jike mmoja huzaa watoto kumi na zaidi kwa uzao mmoja, na mvua zikiwa nzuri anazaa tena na tena. Mashimo yake yako ardhini. Bonde likijaa maji kwa wiki kadhaa, wengi wanakufa na waliobaki wanakimbilia miinuko. Maji yakishuka, mkulima wa mlau anapanda kwenye udongo ambao panya hawajarudi bado, na mahindi yanapata zile wiki mbili za mwanzo ambazo ndizo panya hufukua mbegu na kukata miche. Baada ya hapo mche umekomaa, panya hana habari nao tena. Yaani mkulima wa Rufiji alikuwa anakimbizana na panya, na maji yanampa nafasi ya kutangulia.

Kiwavijeshi vamizi ni hadithi inayofanana na hiyo. Aliingia nchini mwaka 2017, ni mgeni, lakini udhaifu wake ni wa zamani: hana uwezo wa kulala miezi mingi ardhini kama wadudu wengine. Anahitaji mahindi, au majani mengine ya jamii hiyo, wakati wote. Bonde likifunikwa na maji, pupa zilizo udongoni zinakufa na mahindi ya kulishia kizazi kinachofuata hayapo. Mnyororo unakatika. Maji yasipokuja, bonde lina mahindi ya vuli, ya masika na ya mlau yanayofuatana, na kiwavi anapokezana tu.

Sasa usije ukasema bwana shamba kasema mafuriko ni mazuri. Yale ya mwaka 2024 Rufiji na Kibiti yalichukua nyumba na mashamba ya watu, na wengine bado hawajasimama. Ninazungumzia maji ya kawaida ya masika, yale wazee waliyoyajua yanapopanda na yanaposhuka.

Wale wadogo wanaolisha wakubwa

Siku ya kwanza maji yanapoingia kwenye udongo mkavu wa bonde, mambo yanaanza ambayo hatuyaoni. Mayai ya wadudu wadogo sana wa majini, yaliyokauka udongoni tangu mwaka jana, yanaanguliwa ndani ya siku chache. Majani makavu na mavi ya wanyama yanaoza, na juu yake wanakua mabuu mekundu ya visubi vya ziwani, wale wanaojaa kwenye taa usiku. Kambale na perege wanatoka mtoni, wanaingia kwenye majani yaliyofunikwa kutaga na kula, na vifaranga vyao vinakulia pale kwa chakula kile. Yangeyange, korongo na mwari wanafuata samaki. Maji yakishuka, sehemu ya utajiri ule inabaki kwenye maziwa ya bondeni, na sehemu inabaki udongoni kwako.

Katikati ya sherehe hiyo yuko kereng'ende. Simzungumzii ndege, namzungumzia yule mdudu mwenye mabawa manne anayeelea juu ya maji kama ndege ya jeshi. Akiwa buu ndani ya maji anakula viluwiluwi vya mbu, na akiwa na mabawa anakula mbu wenyewe na nondo wadogo. Kuna aina moja ya njano ambayo watafiti wanaamini huvuka Bahari ya Hindi kutoka India, kupitia Maldivi, hadi Afrika Mashariki ikifuata mvua, kisha inataga kwenye madimbwi ya muda. Mdudu mdogo namna hiyo anavuka bahari kuja kutafuta dimbwi, halafu sisi tunapulizia sumu ukingoni mwa dimbwi lile.

Mbu nao wana mpangilio wao. Wapo wanaotaga mayai kwenye tope lenye unyevu na kusubiri mafuriko. Hao ndio huhusishwa na homa ya bonde la ufa, iliyotusumbua mwaka 2006 na 2007. Wapo wa malaria, wanaopenda dimbwi dogo la jua, hata alama ya kwato za ng'ombe. Mafuriko makubwa yanafagia madimbwi ya namna hiyo na kuleta samaki wanaokula viluwiluwi. Maji yanayopanda kidogo na kushuka kidogo yanaacha madimbwi bila kuleta samaki. Kwa hiyo mto kutulia hakumaanishi mbu kupungua.

Mto unabadilishwa vipi

Rufiji inakusanya maji ya eneo la kilomita za mraba takribani 177,000. Zaidi ya nusu yanaletwa na Kilombero, mengine na Luwegu na Ruaha Mkuu. Watu wanadhani mto wetu ulianza kubadilishwa juzi, kumbe Kidatu ilianza kuzalisha umeme mwaka 1975 na Mtera ikafuata kuwa ghala lake la maji. Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, nalo ni la megawati 2,115. Taa tunazihitaji, na mashine yangu ya kuangulia vifaranga ninawashia umeme huo huo. Ila mkulima wa bondeni lazima aelewe bwawa la umeme linafanya nini kwa mto, maana anaishi chini yake.

Kwanza, linasawazisha. Maji mengi ya masika yanazuiwa na kutolewa polepole, kwa hiyo masika yanakuwa madogo na kiangazi kinakuwa na maji mengi kuliko zamani. Pili, linabaki na mchanga na udongo. Maji yanayotoka yamechujwa, na maji yaliyochujwa yana njaa: yanakwangua kitanda cha mto na kingo zake. Mto ukichimbika kwenda chini, hata maji yakiwa ya kiwango kile kile hayavuki tena ukingo kuingia bondeni, na maziwa ya pembeni yanaanza kunyonywa kuelekea mtoni. Hili la pili watu hulisahau kwa sababu linachukua miaka. Tatu, umeme unatakiwa zaidi jioni kuliko usiku wa manane, kwa hiyo chini ya mabwawa ya namna hii maji yanaweza kupanda na kushuka ndani ya siku moja.

Hilo la tatu linaua wadudu kwa namna ambayo mimi sikuwahi kuifikiria. Wadudu wengi wa mtoni hutaga mayai kwenye mawe na matete palepale maji yanapoishia. Wakitaga jioni maji yakiwa juu, asubuhi maji yameshuka na mayai yamekauka juani. Huko Marekani, kwenye mto Colorado chini ya bwawa la Glen Canyon, watafiti waligundua ndiyo sababu mto ulikuwa na wadudu wachache na samaki wenye njaa. Mwaka 2018 wakafanya jaribio: miezi ya Mei hadi Agosti, kila Jumamosi na Jumapili maji yaliachwa chini bila kupandishwa, ili mayai yapate siku mbili za kubaki na unyevu. Wadudu wa aina kadhaa wakaongezeka. Siku mbili tu za wiki, tena zile ambazo umeme hautakiwi sana.

Lakini wapo wadudu wanaofurahia mto uliosawazishwa, na hao si rafiki zetu. Usubi, yule inzi mdogo mweusi anayeuma, mabuu yake hushika mawe kwenye maji yanayokimbia. Mto Orange huko Afrika Kusini zamani ulikuwa unapungua sana wakati wa kiangazi na mabuu yanakufa. Mabwawa mawili makubwa yalipojengwa miaka ya 1970, maji yakawa yanakimbia mwaka mzima, na usubi ukawa janga kwa wafugaji wa kondoo na ng'ombe mamia ya kilomita chini ya mabwawa. Dawa mojawapo waliyoitumia ilikuwa kupunguza maji kwa makusudi ili mabuu yakauke.

Na kichocho. Senegal walijenga bwawa la Diama karibu na mdomo wa mto mwaka 1986 kuzuia maji ya chumvi. Miaka michache baadaye mji wa Richard Toll ukawa na kichocho kuliko ilivyowahi kuonekana pale. Konokono walipata maji baridi yasiyo na chumvi mwaka mzima na mifereji ya umwagiliaji ya kukaa. Isitoshe, kamba wa mtoni, ambao hula konokono na huhitaji kushuka kwenye maji ya chumvi kuzaliana, walizibiwa njia. Watafiti waliporudisha kamba kwenye eneo la maji la kijiji kimoja, maambukizi yalipungua.

Tana wametutangulia

Nikitaka kuona mto wa aina yetu baada ya miaka arobaini ya mabwawa, naangalia Tana, Kenya. Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Wapokomo walilima kingo za mto kwa maji ya mafuriko kama sisi tunavyolima mlau.

Msitu wa kandokando ya Tana ya chini ni mwembamba, umeng'ang'ania mto tu, na nje yake ni nchi kavu. Humo wanaishi nyani wawili wadogo ambao hawapo popote pengine duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabey wa Tana. Hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976. Hula matunda na majani ya miti ya mtoni, mikuyu ikiwa chakula kikubwa.

Hapa ndipo mdudu anaposhika usukani. Kila aina ya mkuyu huchavushwa na nyigu wake mdogo sana, anayeishi siku moja au mbili tu baada ya kutoka kwenye tunda. Katika muda huo lazima apate mkuyu mwingine wenye matunda machanga. Miti ikiwa mingi na kila mmoja anazaa kwa wakati wake, nyigu anafika. Ikipungua, nyigu anakufa njiani, na mkuyu usiochavushwa hautoi mbegu. Na miti ya mtoni inahitaji mafuriko ili miche mipya ianze: kuna popla anayeota Tana, mbegu yake ni ndogo kama vumbi na inahitaji tope jipya lenye unyevu, la sivyo inakufa upesi. Mafuriko yakipungua ukubwa, miti mikubwa hubaki imesimama miaka mingi, unaona msitu upo, lakini chini hakuna watoto. Ongezea ukataji wa miti na mashamba, na nyani wale wamebaki kwenye vipande vipande.

Ndiyo maana sipendi mtu akisema "mbona miti bado ipo". Nenda chini ya mti, tafuta miche.

Kwetu mfano wa karibu ni Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha, hasa kwa maji yanayochukuliwa Usangu kwa mpunga. Viboko wakabaki wamejazana kwenye madimbwi ya tope wakigombana. Bila bwawa lolote pale, mifereji yetu sisi wakulima ilitosha.

Na Zambia kwenye bonde la Kafue, bwawa la Itezhi-tezhi lilijengwa miaka ya 1970 likiwa na nafasi ya ziada kwa ajili ya kutoa mafuriko ya makusudi kila Machi. Wazo zuri. Hata hivyo lechwe, yule swala anayefuata maji, walipungua sana, maana ujangili uliendelea na maji hayakufuata tena ratiba waliyoizoea.

Tufanye nini msimu huu

Kama shamba lako halikufunikwa na maji, iwe kwa ukame, kwa mto kuhama njia au kwa bwawa, usilime kama limefunikwa. Hilo ndilo kosa langu kwa yule bibi.

Kabla ya kununua mbegu, chagua sehemu tano za shamba, pima futi moja kwa futi moja, fukua sentimita kumi na hesabu pupa. Ukizikuta, tifua shamba lote siku za jua kali na uachie kuku waingie. Pupa zikiletwa juu, jua, ndege na siafu watakusaidia bure. Kwa panya, anza wiki mbili kabla ya kupanda. Fyeka vichaka vinavyozunguka shamba, zika ndoo zenye maji nusu na chambo cha pumba juu ya mti unaozunguka, na mkubaliane na majirani mpande wiki moja. Ukipanda peke yako mapema, wewe ndiye umewapikia panya wa kitongoji kizima. Sumu ya panya iliyomwagwa ovyo siipendi hata kidogo, maana bundi na kicheche wanakula panya aliyekufa nao wanakufa, na mwakani unabaki na panya tu.

Ukingo wa ziwa uachie matete na majani, hatua kumi na tano hivi, usipulizie dawa hapo. Dawa nyingi za viwavi tunazonunua madukani zinaua samaki na mabuu ya kereng'ende kwa kiasi kidogo sana. Najua mtaniambia matete yanaficha nguruwe pori. Ni kweli, na nguruwe si jambo la mzaha: watu wanalala madunguni kuwafukuza, na utafiti wa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba simba waliokula watu kusini mwa nchi, Rufiji ikiwemo, walifuata nguruwe mashambani. Kwa hiyo matete ya ukingoni mwa maji yabaki, ya kuzunguka shamba yafyekwe. Na mifereji inayounganisha maziwa na mto isizibwe kwa nyavu na uzio wakati maji yanapanda na yanaposhuka. Siku hizi nafasi za samaki kuingia na kutoka ni chache.

Kwa wanaolima chini kabisa ya ukingo: chomeka mti wenye alama majini, soma asubuhi na jioni kwa wiki mbili, andika kwenye daftari. Usipande chini ya alama ya juu kabisa uliyoiona.

Madaftari hayo yana kazi nyingine pia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua maji ya akiba kwa ajili ya watu na kwa ajili ya viumbe vya mtoni, na bonde letu lina Bodi ya Maji. Jumuiya ya watumia maji ikienda kikaoni na malalamiko, itasikilizwa na kuagwa. Ikienda na kurasa za tarehe na vipimo vya misimu miwili, itakuwa na cha kuweka mezani: maji yalipanda lini, yalishuka lini, ziwa gani halikupata maji, mlau upi ulikufa.

Bibi yangu yule tuligawana hasara ya mbegu, nusu nilitoa mimi. Alitifua, kuku wakaingia, na ndoo tatu za panya zikazikwa. Siku ya kwanza alinipigia tena asubuhi mapema. Panya kumi na tisa. Alikuwa amewahesabu na kuandika kwenye daftari la mjukuu wake, chini ya hesabu za shule.